Jinsi ya kufuatilia historia ya vitenzi vya Kiingereza vya kupungua

Kiingereza kina vitenzi chungu nzima vya kupungua: "decrease", "lessen", "diminish", "reduce", "abate", "dwindle", "wane", "ebb", "shrink". Kamusi ya kawaida huvieleza kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Kila kimoja kiliingia kwa mlango wake, na baadhi viliingia vikiwa na maana nyingine kabisa. Mfasiri, mwalimu au mwanafunzi wa isimu anaweza kuifuatilia historia hiyo kwa zana za bure za mtandaoni, mradi afuate mpangilio.

1. Tenganisha maana kwanza

Kwetu kazi hii ni nyepesi, kwa sababu "pungua" na "punguza" ni vitenzi viwili. Kiingereza hakina kauli ya kutendesha ya namna hiyo: "decrease" moja hutumika bei inaposhuka na mtu anapoishusha. Chora safu mbili, elekezi (mtu anapunguza kitu) na si elekezi (kitu kinapungua chenyewe), kisha ya tatu ya kitu kinachopungua: idadi, ukubwa, nguvu, maji. Hapo utaona kwamba "ebb" ni maji kupwa, "shrink" ni nguo iliyofuliwa ikabana, na "abate" ni dhoruba au homa inayotulia. Ukiruka hatua hii, tarehe utakazokusanya baadaye zitakuwa za maana tofauti zilizochanganywa.

2. Kusanya maneno, yaliyokufa pia

Fungua Historical Thesaurus ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Kazi yake ilianza 1965 na kitabu kikatoka 2009. Yenyewe hupanga maneno kwa maana badala ya alfabeti, na huonyesha neno lilionekana lini kwanza na, kama limekufa, lini mwisho. Usiyaruke marehemu. "Lytlian" ya Kiingereza cha Kale, iliyotokana na neno la "dogo", haipo tena. "Minish" nayo imebaki ndani ya Biblia ya Kiingereza ya 1611 (King James), pale Waisraeli wanapokatazwa kupunguza hesabu ya matofali (Kutoka 5:19).

Mwaka wa kwanza ni wa maandishi yaliyosalia, si siku neno lilipotamkwa mara ya kwanza. Huenda watu walilisema miaka mingi kabla.

3. Yapange kwa tabaka

Tabaka la chini ni Kiingereza cha Kale: wanian (wane), ebbian (ebb), scrincan (shrink). Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilileta "abate", ambayo asili yake ni kupiga kitu hadi kianguke, na "decrease", ambayo mzizi wake wa Kilatini ni decrescere, kinyume cha kukua. "Lessen" ilitengenezwa nyumbani kwa "less" na kiambishi -en.

Kwa tabaka la kale tumia kamusi ya Bosworth-Toller. Kwa Kiingereza cha Kati tumia Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan. Ukikosa neno, kagua mwisho wake kwanza. Vitenzi vya kale huishia -an, vya kati -en. Tafuta "abaten", si "abate".

4. Weka sentensi moja kwenye mizani ya karne sita

Hatua hii ina faida kuliko zote. Chukua Yohana 3:30, ambayo kwa Kiswahili husema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Panga tafsiri zake kwa mpangilio wa miaka:

- Injili za Kisaksoni cha Magharibi (lahaja ya Kiingereza cha Kale), karibu na mwaka 1000: "þæt he weaxe and þæt ic wanige"
- Biblia ya Wycliffe, toleo la awali, miaka ya 1380: "menusid, or maad lesse"
- Toleo lake lililosahihishwa: "maad lesse"
- Agano Jipya la mfasiri Tyndale, 1534: "increace" na "decreace"
- Biblia ya 1611: "increase" na "decrease"

Mstari wa kwanza una jozi ya "wax" (kukua) na "wane" (kupungua), ambayo leo imebanwa kwenye mwezi na mambo machache. Zamani ilibeba kila aina ya kukua na kupungua. Mstari wa pili una maneno mawili kwa kazi moja: "menusid" ni Kifaransa, na "or maad lesse" imewekwa kando yake kama mtu anayemtafsiria mgeni. Hapo ndipo unapoona neno bado geni mdomoni. Toleo lililosahihishwa likaliacha kabisa. Tyndale akachagua jozi yenye mwangwi, na ndiyo iliyodumu.

Angalia pia kila mfasiri alitafsiri kutoka lugha gani. Watu wa Wycliffe walikuwa na Kilatini mbele yao, "me autem minui"; Tyndale alikuwa na Kigiriki. Na usitumie matoleo yaliyosawazishwa tahajia, kwani ushahidi nusu hupotea humo.

5. Tarehe ya neno si tarehe ya maana

"Reduce" ndiyo huwaangusha wengi. Iliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, lakini ikimaanisha kurudisha, sawasawa na Kilatini reducere. Maana ya kupunguza ilikuja baadaye sana. Maana ya zamani bado iko hospitalini: daktari anayefanya "reduction" ya bega lililoteguka hapunguzi chochote, anarudisha mfupa mahali pake. Mfasiri asiyejua hili huandika kwamba bega limepunguzwa. Soma mfano wa sentensi chini ya kila tarehe. Usinakili namba tu.

6. Shuku umbo linalojieleza lenyewe

"Curtail" (kufupisha) haikutokana na "tail" (mkia). Ilikuwa "curtal", farasi aliyekatwa mkia, kutoka neno la Kifaransa la "fupi". Watu walisikia mkia ndani yake wakabadili tahajia. "Diminish" ni "diminue" na "minish" vilivyogandana. "Dwindle" ni "dwine" ya kale iliyoongezewa -le, na mfano wake maarufu wa mapema ni wa Shakespeare, katika Henry IV sehemu ya kwanza, iliyochapishwa 1598. Mhusika Falstaff analalamika kwamba amekonda: "do I not bate? do I not dwindle?" "Bate" hiyo ni "abate" iliyokatwa kichwa. Ndiyo iliyomo katika "bated breath" (pumzi iliyozuiwa), na wanaoandika "baited" wanazungumzia chambo.

7. Hakiki kwa Ngram, kwa tahadhari

Google Books Ngram Viewer huonyesha neno lilivyotumika katika vitabu. Kabla ya 1800 data ni haba. Zaidi ya hapo, wachapaji wa zamani walitumia s ndefu, ſ, ambayo programu ya kusoma kurasa huiona kama f. Kwa hiyo "decreaſe" huhesabiwa kama "decreafe", na mchoro wa "decrease" huweza kupanda ghafla karibu na 1800, wakati wachapaji walipoiacha herufi hiyo. Linganisha na "abate" na "dwindle", ambazo hazina s: zisipopanda pamoja nayo, shuku herufi kabla ya kushuku lugha. Tafuta "decreafe" yenyewe uone inakoishia.

Kwa "lower" (kushusha) andika lower_VERB, la sivyo utahesabu pia kivumishi. Ukitaka maumbo yote, reduce_INF.

8. Andika kadi ya neno

Mfano wa kadi iliyokamilika: "Wane. Kiingereza cha Kale wanian, elekezi na si elekezi. Leo si elekezi tu: mwezi, nguvu, umaarufu. Ndugu: want (kupitia Kinorse cha Kale), wanton. Nafasi yake ya jumla ilichukuliwa na decrease: tazama Yohana 3:30, Tyndale 1534. Kiswahili: kupungua kwa mwezi, kufifia kwa umaarufu."