Somo: Kupima kasi ya risasi uliyojaza mwenyewe (nimechoka kujibu inboksi)

Wadau, naandika mara moja tu. Mimi nawindia Texas, ambako kujaza risasi nyumbani (yaani kuiunda mwenyewe kwa ganda, baruti na kichwa cha risasi) ni halali.

1. Uwanja uwe salama. Miwani na kinga za masikio.

2. Simika kronografu (mashine ya kupima kasi ya risasi) mita 3 hadi 5 mbele ya mdomo wa mtutu. Ukiisogeza karibu zaidi, mshindo na moshi vinaichanganya.

3. Hapa ndipo nilipoumia. Kronografu ya mwanga ina vihisi viwili vinavyosoma kivuli cha risasi ikipita juu yake. Nilichungulia kwenye darubini, nikaona njia nyeupe hadi kwenye shabaha, nikafyatua. Mashine ikawa vipande. Darubini imekaa sentimita 4 au 5 juu ya mtutu: jicho langu lilipita juu ya mashine, risasi ikapita katikati yake. Siku hizi bunduki ikiwa tupu natoa boliti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), nachungulia ndani ya mtutu wenyewe. Nikiona mashine humo, naishusha. USIAMINI darubini kwa hili. Na vijiti vinavyoshika kivuli juu ya vihisi viwe vya mbao, chuma kikipigwa hurusha vipande.

4. Piga 10, ukipumzisha mtutu. Andika kila namba pamoja na joto la hewa.

5. Linganisha na kitabu cha baruti (chenye vipimo vya baruti na kasi zake). Bunduki ya .308 (ukubwa wa risasi) yenye kichwa cha greini 150 (greini ni kipimo cha uzito) huwa karibu futi 2,800 kwa sekunde (mita 850 hivi) kwa mtutu wa inchi 24; mtutu mfupi hupungukiwa. Ukizidi kasi ya juu ya kitabu, simama hata kama hujafika kipimo cha juu cha baruti. Kasi ya bure haipo, hiyo ni presha.

MASWALI

– Mkuu, nitajie tu kipimo cha baruti cha .308.
– Sitaji. Bunduki yako si yangu. Fungua kitabu, anzia chini.

– Nimepiga tatu, zimepishana futi 8 tu. Nimemaliza?
– Hatua ya 4 umeisoma? Piga saba zaidi.

– Kaka, risasi za boksi moja, mbona mchana zinakimbia kuliko asubuhi?
– Swali zuri dada. Huenda ni baruti: nyingi huwaka kwa nguvu zaidi zikipata joto. Huenda pia ni mwanga, jua likibadili pembe vihisi hudanganyika. Tenganisha hivi: mchana huohuo piga tano zilizokaa kivulini na tano zilizotoka kwenye kisanduku cha baridi, mashine iwe chini ya kivuli. Zikipishana, ni baruti. Ndiyo maana kipimo cha baruti ulichokifikisha ukingoni wakati wa baridi unaweza kuzidi presha kiangazi.

– Kronografu ile ya kufunga kwenye mtutu je?
– Inapima vizuri, ila uzito wake huhamisha risasi inapotua. Pima kasi, ivue, ndipo upige makundi (risasi kadhaa kwenye shabaha kuona zinavyokaribiana). Ya rada huwekwa pembeni, haijali mwanga.

– Niko Morogoro, somo linanihusu?
– Kujaza, usiguse bila kibali. Ila pima risasi za dukani: namba ya kwenye boksi ni ya mtutu wao, si wako.

– Mimi namba zilikuwa zinaruka ovyo wiki nzima. Kumbe betri.
– Ile ya volti 9? Beba ya akiba, na usiiweke mfuko mmoja na funguo.