Jinsi ya kuomba mahakama iwagawie likizo za watoto mkiwa mmeachana

Watu wakiachana wanapigania mtoto akae na nani, likizo hawaikumbuki kabisa, halafu siku shule inafungwa ndo vita vinaanza upya. Karatasi yetu sisi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu, "likizo watagawana sawa", na huo mstari ulitugombanisha miaka miwili mizima, maana sawa ndo nini? Kuanzia lini? Saa ngapi? Nauli ya nani? Basi mwongozo huu ni wa kukusaidia uombe amri isiyo na mianya. Fomu na majina ya ofisi kila nchi ina yake ila mtiririko unafanana sana.

Kabla hujagusa fomu nenda shuleni ukaombe kalenda ya mwaka mzima, yenye muhuri kama wanatoa, halafu kaa chini uhesabu. Hesabu usiku, siyo siku, kwa sababu siku ya kubadilishana kila mzazi ataidai ni yake ila usiku mtoto analala sehemu moja. Tuseme shule inafungwa Ijumaa na inafunguliwa Jumatatu baada ya wiki sita: hapo kuna usiku 45. Ule wa mwisho uache, mtoto alale anakokwendea shule, atafute soksi na daftari zake kwa utulivu. Zinabaki 44, kila mmoja 22, kwa hiyo mnabadilishana Jumamosi ya wiki ya nne na mtoto anarudi kwake Jumapili jioni kabla ya kufungua. Ona sasa, ukiandika hivyo hakuna cha kubishania.

Sikukuu kubwa na birthdei usiziache zielee. Wengi wanatumia mwaka shufwa na mwaka witiri, yaani 2026 kwa mama, 2027 kwa baba, inakwenda hivyo. Ila kama likizo inavuka mwaka mpya andika kabisa kwamba unahesabiwa mwaka ambao likizo imeanza, la sivyo Januari wote wawili mtakuwa na haki. Na andika kwamba ratiba ya likizo inashinda ya wikiendi za kawaida, hii watu wanaisahau kila siku.

Halafu saa. Siku moja baba watoto alituma meseji "nakuja kumchukua saa 4", mimi nikasoma saa nne asubuhi kama mtu yeyote, kumbe yeye anasoma saa ya ofisini kwao, alimaanisha saa kumi jioni. Mwanangu alikaa juu ya begi lake pale mlangoni viatu viko miguuni, chakula cha mchana akalia palepale, kuvua viatu hataki, anasema baba akija atakuta hajajiandaa. Toka siku hiyo mimi kila kitu naandika na asubuhi au jioni mbele yake. Na kwenye amri usiandike "Jumamosi usiku" ukaishia hapo, kuna anayesikia usiku wa kuamkia Jumamosi na kuna anayesikia wa kuamkia Jumapili.

Ukishakuwa na rasimu yako mtumie mzazi mwenzio kwa maandishi, umpe muda wa kujibu, mfano siku 14. Akikubali mko vizuri sana, mnasaini wote mnapeleka mahakamani iliyotoa talaka au inayoshughulikia watoto, mnaomba yafanywe amri, na mara nyingi inaisha haraka bila kesi kusikilizwa kwa muda mrefu. Msibaki na karatasi ya mkono tu mkasema tunaaminiana, mkikosana hiyo haina meno.

Akikataa au akinyamaza, hatua inayofuata ni usuluhishi, kwa ofisi ya ustawi wa jamii au msuluhishi anayetambulika, na sehemu nyingi mahakama itakuuliza kama umepitia huko. Ila kama kulikuwa na kipigo au vitisho sema mapema, usilazimishwe kukaa meza moja na mtu unayemwogopa, badala yake omba mtoto akabidhiwe sehemu ya watu au kupitia mtu wa tatu, na kama hatari ni kwa mtoto mwenyewe omba aonane na mzazi huyo chini ya uangalizi.

Ikishindikana huko ndo unafungua maombi. Utajaza fomu, utaapa hati ya kiapo, utaambatanisha cheti cha kuzaliwa, amri ya talaka au ya malezi kama ipo, kalenda ya shule, ratiba unayoipendekeza na meseji mlizoandikiana. Ada ikikushinda uliza masjala kama kuna msamaha, sehemu nyingi upo ila hakuna atakayekukumbusha. Hati ya kiapo iwe fupi. Mambo ya mchepuko wake na mama mkwe hayamsaidii hakimu kujua mtoto alale wapi Agosti, anachotaka kujua ni maslahi ya mtoto: umri wake, umbali, afya, nani atashinda naye wewe ukiwa kazini. Mtoto mdogo sana wiki tatu bila kumwona mzazi aliyemzoea ni nyingi, kwa hiyo pendekeza vipande vifupi, ukiandika umelifikiria hilo utaonekana mtu mzima.

Fungua mapema jamani! Miezi mitatu minne kabla ya likizo, siyo wiki ile shule inafungwa. Baada ya kufungua mwenzio lazima afikishiwe nakala kwa utaratibu wa mahakama, na uthibitisho kwamba amepata urudi kwenye faili, bila huo tarehe itaahirishwa tu.

Siku ya kusikilizwa jibu ulichoulizwa. Mtoto naye anaweza kuulizwa, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 ibara ya 12 unampa haki ya kusikilizwa kulingana na umri na upevu wake, na ibara ya 9 inampa haki ya kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara isipokuwa ikiwa ni kwa madhara yake. Usimfundishe cha kusema, wanajua wale.

Kama kuna safari ya nje ya nchi omba iandikwe pasipoti inakaa kwa nani, ridhaa inatolewa siku ngapi kabla, tiketi ya kurudi ionyeshwe. Angalia pia kama nchi anayokwenda imo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980, ule wa kurudisha watoto wa chini ya miaka 16 waliochukuliwa au kuzuiliwa nje isivyo halali, maana kwa nchi ambayo haimo kumrudisha ni kazi nyingine kabisa.

Amri ikitoka, fuata hata siku umekasirika. Sehemu nyingi matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili tofauti, hajatuma hela haina maana unamficha mtoto, na kunyimwa mtoto haina maana unaacha kutuma hela. Akikiuka weka rekodi, tarehe na saa na meseji, urudi mahakamani, usiende kumvuta mtoto getini kwa watu.

Toa kopi, moja ipeleke shuleni, nyingine piga picha ikae kwenye simu. Mtoto mpe kalenda yake ya ukutani, kwetu kijani ni kwa mama na bluu ni kwa baba, na ile Jumamosi ya kubadilishana ameipaka nusu nusu mwenyewe.