Somo: Kutoka kazi nyingine kuingia ualimu wa sekondari (Tanzania Bara)

Wadau, habari zenu. Nimeona nilete somo hili hapa wazi maana watu wananifuata pembeni wakiuliza jambo lile lile: nina shahada yangu, nina kazi yangu (au kazi imeota mbawa), nataka kuwa mwalimu, naanzia wapi? Mimi nilikuwa mhasibu kabla ya kushika chaki, sasa nafundisha masomo ya biashara shule ya serikali. Haya ni ya sekondari, tena ya Bara. Anayetaka kufundisha msingi au awali njia yake ni nyingine.

Nianze na neno ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kinachokufungulia mlango si wito, wala si cheti cha PGDE (stashahada ya uzamili ya elimu) peke yake. Ni somo la kufundishia. Ukilikosa hilo, mengine yote ni kutwanga maji kwenye kinu.

HATUA YA 1: Toa transkripti kabatini

Kaa nayo mezani, weka pembeni orodha ya masomo yanayofundishwa sekondari. Pigia mstari kila kozi uliyosoma chuo inayoangukia kwenye somo mojawapo. Unatafuta masomo mawili yenye kozi za kutosha. Si kozi moja ya takwimu uliyoichukua mwaka wa kwanza ukafaulu kwa kudra za Mungu, halafu useme wewe ni mwalimu wa Hisabati.

Mwenye shahada ya sayansi ya kemia, baiolojia, hisabati au fizikia hana tabu. Jiografia, historia, lugha, vilevile. Mhasibu na mtu wa biashara ana Utunzaji wa Hesabu na masomo mengine ya biashara, na huku kumezidi kuchangamka tangu mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, maana Elimu ya Biashara sasa si somo la wachache waliochagua mchepuo. Mhandisi mara nyingi hupenya kwa Fizikia na Hisabati, ila aulize chuo kwanza, asijiamulie. Aliyesoma rasilimali watu, sheria au uhusiano wa umma, hapo pagumu, tutalirudia kwenye maswali.

Kwa nini nalikazania? Soma tangazo lolote la serikali la Mwalimu Daraja la III C, ambalo ndilo daraja la wenye shahada. Kila nafasi imefungwa kwenye somo: Fizikia, Hisabati, Biashara na kadhalika. Sifa zinasema ama uwe na shahada ya ualimu yenye somo hilo, ama shahada isiyo ya ualimu pamoja na Stashahada ya Uzamili ya Elimu (hiyo ndiyo PGDE) katika somo hilo. Anayechambua maombi hatafuti mtu mwenye moyo wa kufundisha. Anatafuta somo.

HATUA YA 2: Ingia darasani kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Hii watu huiruka, na mimi naiona ndiyo hatua yenyewe. Nenda shule iliyo jirani, onana na mkuu wa shule, mweleze ukweli. Omba kwanza kukaa nyuma ya darasa umtazame mwalimu wa somo lako, kisha uombe kipindi kimoja mwalimu huyo akiwepo. Shule zenye upungufu wa walimu wa sayansi hazitakufukuza. Kama una wiki ya likizo, itumie hapo badala ya kwenda kukaa tu kijijini.

Kuna jamaa mmoja mhandisi aliyekuja shuleni kwetu kwa mtindo huo. Anajua umeme mpaka kwenye mifupa. Kapewa kidato cha pili, kipindi cha dakika 40, mada mkondo wa umeme. Baada ya robo saa kamaliza kila kitu, ubao umejaa, fomula zimepangwa vizuri kabisa. Akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo mwalimu!" Akafurahi. Mwalimu wa somo akamnong'oneza, wape swali moja. Akatoa swali jepesi, betri moja na taa mbili. Kalamu zikabaki hewani. Binti mmoja mbele alikuwa ananakili swali kwa rangi mbili na kulipigia mstari kwa rula, ili muda uende. Jamaa katazama saa: zimebaki dakika ishirini na kitu.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. "Ndiyo mwalimu" ya wanafunzi wa Tanzania ni adabu, si jibu. Kukijua kitu na kumfanya mtoto wa miaka kumi na minne akijue ni taaluma mbili tofauti, na uzoefu wako wa kazini haukupi ile ya pili. Jambo la kuongeza: ukumbuke sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na wanafunzi wengi wametoka msingi wakisoma kwa Kiswahili. Unafundisha somo, na unafundisha lugha ya somo, kwa pamoja.

Jamaa yule alirudi kesho yake na betri za redio, nyaya na globu za tochi. Sasa yuko chuo. Wengine huishia siku ya kwanza, na hiyo pia ni faida, wamejua bila kulipa ada.

HATUA YA 3: PGDE

Kwa kawaida ni programu ya mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, na Chuo Kikuu Huria wanayo kwa anayetaka kusoma akiwa mbali, ingawa ukisoma Huria huku unafanya kazi usishangae mwaka ukirefuka. Vyuo vingine vipo. Hakikisha chuo na programu vinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kabla hujalipa hata senti.

Utasoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, mbinu za kufundishia somo lako. Wenye uzoefu huingia na dharau kidogo, "hizi nadharia za nini?" Subiri uambiwe utunge mtihani wa maswali kumi unaopima kweli ulichofundisha. Kisha ni mazoezi ya kufundisha, wenyewe tunaita BTP: unapelekwa shuleni wiki kadhaa, unaandaa azimio la kazi, andalio la somo la kila kipindi, zana, na mkaguzi kutoka chuo anaweza kutokea bila hodi. Ukiwa BTP fanya na yale yasiyo na alama: zamu, paredi, kusahihisha madaftari ya mikondo mitatu. Hapo ndipo utajua jioni zako zitakwendaje.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya mfukoni

Usiulize tu "mshahara shilingi ngapi". Uliza kinachofika benki. Mwenye shahada serikalini huanzia ngazi ya mshahara wa walimu iitwayo TGTS D, na viwango hutoka kwenye waraka wa serikali, usiamini picha za zamani zinazozunguka WhatsApp. Ondoa kodi ya mapato, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kama ni mwanachama wa CWT (Chama cha Walimu Tanzania) asilimia 2. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) na hujamaliza kuulipa, asilimia 15. Wanaotoka benki na kampuni za simu hapa ndipo wanapokaa kimya.

Halafu kuna pengo: ada ya PGDE, muda wa masomo, na kusubiri ajira. Serikali haiajiri kila mwezi, inaajiri vibali vikitoka. Kuna waliohitimu wanaosubiri miaka. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao najua wengine hapa watanipinga: usiache kazi ukitegemea serikali. Panga kana kwamba utaanzia shule binafsi. Hizo huajiri wakati wowote, hukuita ufundishe kipindi mbele yao, na malipo yanatofautiana kama mbingu na ardhi, hivyo soma mkataba.

HATUA YA 5: Kuomba

Zamani walimu walikuwa wanapangwa tu kupitia TAMISEMI. Siku hizi ni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kuna usaili: mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Namba ya NIDA uwe nayo. Barua ya maombi isainiwe. Weka vyeti vyenyewe vya kidato cha nne, cha sita na chuo, maana matokeo ya muda na "statimenti" hawapokei. Uliyesoma nje, peleka shahada TCU ikapate utambuzi mapema, na cha sekondari NECTA (Baraza la Mitihani). Usafiri, chakula na malazi ya usaili ni juu yako.

Ukipangiwa kituo, jua kinaweza kuwa popote. Uhamisho ni hadithi ndefu, ndiyo maana kila kundi la walimu limejaa "natafuta wa kubadilishana naye, niko Kigoma nataka Pwani".

Kazini kwako, toa notisi ya kisheria, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, labda mkataba wako uwe na masharti marefu zaidi. Ondoka vizuri. Meneja wako anaweza kuwa mdhamini wako kwenye maombi.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Mwanza: Mwalimu, mimi nina miaka 43, shahada ya fizikia, nimefanya kazi maabara muda mrefu. Nimechelewa?

Jibu: Mkuu, kwa serikali matangazo husema umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko tayari kazini serikalini. Ukianza PGDE leo, ukaongeza muda wa kuhitimu na kusubiri tangazo, unacheza kwenye ukingo. Ningekuwa wewe ningelenga binafsi moja kwa moja. Mwalimu wa Fizikia aliyeshika vifaa vya maabara kwa mikono yake hakosi shule, watoto wengi wanaingia mtihani wa vitendo hawajawahi kugusa vifaa hivyo.

Mdau, Dodoma: Nilisoma rasilimali watu. Ina maana PGDE hainisaidii kabisa?

Jibu: Dada, nisikudanganye. PGDE inakufundisha kufundisha, haikupi somo ambalo hukulisoma. Usilipe ada kwanza. Tazama cheti chako cha kidato cha sita: kama ulifaulu vizuri masomo mawili ya kufundishia, uliza kuhusu stashahada ya ualimu wa sekondari. Utaingia kwa daraja la chini kuliko shahada yako, hilo ulikubali mapema. La sivyo tazama ukufunzi wa vyuo vya ufundi na vya kati. Huko fani yako ni mali.

Mama wawili, Dar: Nikisoma Huria huku niko kazini, BTP nitaifanyaje?

Jibu: Hapo ndipo wengi wanakwama, dada yangu. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28, na BTP inaweza kuzidi. Zungumza na mwajiri mwanzoni kabisa, si wiki moja kabla. Kuna wanaolimbikiza likizo, kuna wanaoomba likizo bila malipo. Na uchague shule iliyo karibu na nyumbani, si yenye jina.

Mdau, Nairobi: Na huku Kenya je?

Jibu: Kenya mlango ni TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu), na kumbuka TSC yenu na yetu si kitu kimoja. Kwenu inasajili walimu wote, yetu inashughulikia utumishi wa walimu wa serikali. Kwa sekondari mwenye shahada isiyo ya ualimu anahitaji PGDE, lakini wanarudi mpaka KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari): wastani wa C+ na C+ kwenye masomo mawili ya kufundishia. Tazama hiyo kwanza.

Mdau, Tabora: Niko BTP. Wenzangu ofisini wananiambia bila fimbo darasa halitulii.

Jibu: Mdogo wangu, kanuni za viboko za 2002 ziko wazi. Anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Wewe wa BTP huna idhini hiyo, akiumia mtoto hakuna atakayesimama nawe. Darasa lisilotulia mara nyingi halina kazi ya kufanya. Ingia na zoezi liko tayari ubaoni kabla ya salamu.

Mdau, Arusha: Nimekaa miaka kampuni binafsi, michango yangu iko NSSF (mfuko wa pensheni wa sekta binafsi). Nikiingia serikalini nahamia PSSSF, ile inapotea?

Jibu: Haipotei. Muda wa uchangiaji wa mifuko yote miwili hujumuishwa. Usikimbilie kuchukua chako chote siku unaacha kazi. Nenda ofisi zao ukachukue taarifa ya michango, uihifadhi.

Mdau, Moshi: Vyeti vya sekondari vina jina la baba, NIDA ina jina la mume. Nimeambiwa nitarudishwa getini.

Jibu: Unaweza kurudishwa kweli. Fanya kiapo au hati ya kubadili jina kwa mwanasheria sasa hivi, usisubiri kuitwa, na siku ya usaili beba nakala halisi pamoja na cheti cha ndoa.