Ukiambiwa dawa ya minyoo inatibu kansa, anza hapa

Mimi ni mfamasia, nauza dawa Mwanjelwa, Mbeya mjini, na siku hizi swali linakuja na simu mkononi: "Dokta, hii ya minyoo wanasema inaua kansa. Unayo?" Simcheki mtu. Dawa ya zamani kupata kazi mpya ni jambo la kawaida. Thalidomaidi, ile iliyolemaza maelfu ya watoto wakiwa tumboni miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, leo inatibu mayeloma, kansa ya uboho; Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2006. Propranolo ya presha inatumika kwa watoto wachanga wenye uvimbe wa mishipa ya damu. Cha kujua ni kama hiyo uliyotumiwa imeshaajiriwa au bado iko kwenye usaili.

Soma meseji mpaka chini ukitafuta neno moja kati ya haya: seli, panya, wagonjwa. Mebendazole, mojawapo ya hizo dawa za minyoo, imeua seli za kansa maabara na kuzuia uvimbe kwa panya. Sawa. Hata jiki ukiimwaga kwenye kisahani cha maabara itaua seli zote, na hakuna atakayekushauri uinywe. Ukikuta wagonjwa wametajwa, uliza tena: kulikuwa na kundi lingine lisilopewa dawa hiyo, ili walinganishwe? Hapa ndipo wengi tulitegemea mengi kwa metformin ya kisukari, maana wanaoitumia walionekana kupata nafuu zaidi ya kansa. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 3,649 wa kansa ya matiti wasio na kisukari, wengine metformin, wengine kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitoka 2022. Kwa wenye kansa inayolishwa na homoni, ambao ndio walikuwa wengi, haikuonekana faida yoyote.

Halafu uliza ni kansa ipi, ya nani, kwa dozi gani. Aspirini ina ushahidi mzuri wa kukinga kansa ya utumbo mpana kwa watu waliozaliwa na kasoro ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch. Utafiti ulikuwa na watu 861, na waliopewa aspirini walipewa miligramu 600 kila siku. Ukichukua habari hiyo ukampa bibi mwenye vidonda vya tumbo, unamtafutia kutokwa damu.

Dozi ndiyo inayonitisha kuliko yote. Mzee mmoja mfugaji wa Uyole aliniletea chupa ya albendazole ya ng'ombe, ya asilimia 10, kutoka duka la mifugo. Alikuwa anamnywesha mkewe kifuniko asubuhi na jioni. Nikachukua bomba la sindano nikapima kile kifuniko: mililita 15. Kila mililita ina miligramu 100, kwa hiyo ni miligramu 1,500 kwa mkupuo, wakati mtu mzima mwenye minyoo hupewa 400 mara moja basi.

"Shikamoo tena mzee wangu. Mama yuko kwenye dawa gani za hospitali?"

"Zile za dripu, za kansa."

Wenye vifuko vya tegu wa mbwa (aina ya mnyoo) kwenye ini hutumia albendazole siku 28 mfululizo, ila hupimwa ini na chembe za damu kila wiki mbili, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, zile askari wa mwili. Dripu za kansa nazo huzishusha. Mbili zikikutana, mgonjwa anapata maambukizi, au dripu inayofuata inaahirishwa.

Kwa hiyo usianze kimya kimya, na usiache tiba uliyopangiwa. Weka kila kitu kwenye mfuko mmoja, pamoja na mizizi na unga wa mganga, upeleke kliniki. Sema hivi: "Daktari, dawa hii imejaribiwa kwa wagonjwa wa kansa kama yangu? Itagongana na hizi?" Mtu akikuambia yuko kwenye utafiti, muulize kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na fomu ya ridhaa unayoielewa. Akikuuzia dawa anayodai bado anaijaribu, ondoka.

Kuna na safari ya upande wa pili: dawa ya kansa kupata kazi kwenye ugonjwa mwingine. Mama wa Kyela alirudi dukani kwa hasira: karatasi ya ndani ya boksi la dawa ya mtoto wake mwenye sikoseli imeandika kansa. Ilikuwa haidroksiyurea. Ndiyo, ilianzia kwenye kansa, lakini kwa sikoseli inapunguza maumivu makali na kulazwa, na imefanyiwa utafiti kwa watoto wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola. Hiyo usiiache kwa kuogopa jina. Mpeleke mtoto kupima damu kwa tarehe alizopangiwa, vaa glavu unaposhika vidonge, na kama wewe ni mjamzito mwache mtu mwingine ampe.