Somo: Kutoka namba ya maabara hadi hatari kwa mnywaji – kadimiamu kwenye maji ya kisima

Karatasi ya maabara inasema maji ya kisima yana kadimiamu, metali yenye sumu, maikrogramu 10 kwa lita. Je, wanaoyanywa wamo hatarini? Namba hiyo peke yake haijibu, kwa sababu haisemi nani anakunywa, anakunywa lita ngapi, ana kilo ngapi, wala ataendelea kwa miaka mingapi. Somo hili linajaza pengo hilo. Msingi wake ni mpangilio wa kutathmini hatari uliochapishwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1983, ambao watathmini bado wanaufuata.

Tuelewane kwanza juu ya neno "hatari", maana katika mazungumzo hubeba mambo mawili. Hapa *sumu* ni uwezo wa kemikali kudhuru. *Hatari* ni uwezekano wa dhara hilo kumpata mtu fulani. Sumu kali ndani ya pipa lisilovuja haimfikii mtu. Iliyo hafifu, ikinywewa kila siku, inamfikia.

Hatua ya 1: Chora njia, ndipo uchote sampuli

Andika chanzo, kinachoisafirisha kemikali (maji, udongo, hewa, chakula), mahali mtu anapokutana nayo, mlango wa kuingilia mwilini, na mtu mwenyewe. Kimoja kikikosekana, njia haijakamilika, na hakuna hatari ya kukokotoa kwa njia hiyo.

Kwa metali tumia chupa ya plastiki iliyosafishwa kwa asidi, kisha tia asidi ya nitriki mpaka pH (kipimo cha uchachu) ishuke chini ya 2. Usipofanya hivyo, sehemu ya metali hung'ang'ania kuta za chupa na maabara husoma pungufu. Usichuje maji ikiwa watu huyanywa bila kuyachuja. Kabla ya kulipa, uliza kikomo cha chini cha kipimo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa kadimiamu ni maikrogramu 3 kwa lita, hivyo mashine isiyoona chini ya 5 haikufai.

Uliza pia *umbo* la kemikali. Kadimiamu haina usumbufu huo, lakini kromiamu 6 si sawa na kromiamu 3, na arseniki ya samaki wa baharini kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyo na sumu kali. Ukipima "jumla" tu, unaweza kutangaza balaa lisilokuwepo.

Hatua ya 2: Inadhuru nini, kuanzia dozi gani

Kadimiamu inayoingia kwa kinywa huumiza zaidi figo. Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) limeweka dozi rejeleo ya miligramu 0.0005 kwa kilo ya mwili kwa siku kwa maji, na 0.001 kwa chakula, kwa kuwa ya kwenye maji huchukuliwa kuwa inanyonywa zaidi tumboni. Dozi rejeleo ni kiasi ambacho mtu anaweza kukipata kila siku maisha yake yote bila kutarajiwa kudhurika. Hii ya kadimiamu imetoka kwenye takwimu za watu, ikagawanywa kwa 10 ili kuwalinda walio dhaifu zaidi. Zile zitokanazo na wanyama kwa kawaida hugawanywa kwa 10 nyingine. Daima andika namba umeitoa wapi na toleo la mwaka gani, maana hubadilishwa.

Hatua ya 3: Kokotoa dozi

Kazi nyingi huharibikia hapa. Kanuni ni:

Dozi = (kiwango kwenye maji × lita kwa siku × siku kwa mwaka × miaka) ÷ (uzito × siku za wastani)

Kwa madhara yasiyo saratani, siku za wastani ni miaka ya kunywa × 365. Kwa saratani ni maisha yote, miaka 70 × 365, yaani siku 25,550. Kuchanganya hizo mbili ndilo kosa linaloongoza. La pili ni maikrogramu kuachwa bila kugeuzwa miligramu, na jibu likakua mara 1,000.

Maikrogramu 10 ni miligramu 0.01. Mtu akinywa kila siku ya mwaka, siku na miaka vinafutana juu na chini. Majibu ni miligramu kwa kilo ya mwili kwa siku:

- Mtu mzima, kilo 60, lita 2: 0.01 × 2 ÷ 60 = 0.00033
- Mtoto, kilo 10, lita 1: 0.01 × 1 ÷ 10 = 0.001
- Mchanga anayelishwa kwa chupa, kilo 5, lita 0.75: 0.01 × 0.75 ÷ 5 = 0.0015

Uzito na lita hizi ni makadirio ya kawaida ya WHO. Ukiwa na za watu wako halisi, tumia hizo. Wafanyao kazi juani hunywa zaidi ya lita 2 kwa mbali.

Hatua ya 4: Linganisha, kisha utoe uamuzi

Gawanya dozi kwa dozi rejeleo; jibu linaitwa *mgawo*. Mtu mzima anapata 0.67, mtoto 2, mchanga 3. Chini ya 1 haitarajiwi kuleta madhara. Juu ya 1 inadai uchunguzi.

Usimwachilie mtu mzima haraka. Kadimiamu imo pia kwenye chakula na moshi wa sigara. Tuseme chakula chake kinampa miligramu 0.0004 kwa kilo: hiyo ni 0.4 ya dozi rejeleo ya chakula. Jumlisha na 0.67, amevuka 1. Migawo ya kemikali tofauti nayo hujumlishwa, lakini kwanza zile zinazoumiza kiungo kimoja. Kuchanganya ya figo na ya ngozi hutoa namba ya kutisha isiyo na maana.

Maswali na majibu

*Mkuu, mgawo wa 2 maana yake mtoto ataugua?*

Hapana. Dozi rejeleo ya kadimiamu inahusu mlundikano wa maisha yote ndani ya figo, na mtoto hukaa na kilo 10 kwa muda mfupi. Lakini kadimiamu ikishaingia kwenye figo hudumu zaidi ya miaka 10 kabla ya nusu yake kutoka, kwa hiyo alichokunywa utotoni anaingia nacho utu uzima. Kokotoa kila rika peke yake, kisha wastani wa maisha yote, uandike zote mbili.

*Tukichemsha maji?*

Yatazidi kidogo. Maji hupungua kwa mvuke, metali hubaki sufuriani.

*Nina sampuli 8, na 3 zimeandikwa "haikugunduliwa". Niweke sifuri?*

Kokotoa mara mbili: kwa sifuri, kisha kwa kikomo kizima cha kipimo. Uamuzi usipobadilika, endelea. Ukibadilika, tafuta maabara yenye kikomo cha chini zaidi. Na kwa sampuli chache hivyo usitegemee wastani mtupu. Tumia ukingo wa juu wa wastani kwa uhakika wa asilimia 95, yaani namba ambayo wastani wa kweli hautarajiwi kuizidi. Programu ya ProUCL ya EPA hufanya hesabu hiyo bure.

*IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani) imeweka kadimiamu kundi la 1. Mbona hukukokotoa saratani?*

Kundi la 1 linasema ushahidi kwamba husababisha saratani kwa binadamu unatosha. Halisemi dozi ndogo ina nguvu kiasi gani. Ushahidi huo hasa ni wa mapafu ya wafanyakazi waliovuta vumbi na moshi wake, na EPA haijaweka kipeo cha saratani (namba inayogeuza dozi kuwa uwezekano wa saratani) kwa njia ya kinywa. Kuchukua kipeo cha hewa na kukibandika kwenye maji ni kosa.

*Naweza kutumia kanuni hii kwa risasi (metali, "lead")?*

Usitumie mgawo kwa risasi, maana haina dozi rejeleo. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na WHO iliondoa kiwango chake cha zamani cha kuvumilika, baada ya kuona hakiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama. Kwa risasi hukadiriwa kiwango kwenye damu ya mtoto kwa modeli ya kompyuta kama IEUBK ya EPA, ukijumlisha maji, udongo, vumbi la ndani, chakula na hewa. Udongo wake uchekeche upate punje zilizo chini ya maikromita 150, kwa kuwa hizo ndizo zinazoshika vidole vya mtoto na kufika kinywani.