Somo: Kupima prosesa ya kori nyingi kwa PARSEC bila kupata grafu ya uongo

Wakuu, PARSEC ya Princeton (2008), mkusanyo wa programu za kupimia prosesa za kori nyingi, haina ubaya. Namba huharibikia kwenye namna inavyoendeshwa.

Hatua ya 1. Jenga programu, mfano swaptions, kwa usanidi wa gcc-hooks, si gcc (kikusanyaji) tupu:

`parsecmgmt -a build -p swaptions -c gcc-hooks`

Hapo sehemu ya kupimwa inawekewa alama mwanzo na mwisho. Bila alama hizo, blackscholes (programu nyingine ya PARSEC) itahesabiwa pamoja na usomaji wa faili la data, kazi ya uzi mmoja (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), nawe utailaumu kache bure.

Hatua ya 2. Chagua ukubwa wa data ya kuingiza. `test` na `simdev` ni za kuona kama programu inawaka tu. Wengi wanakwama kwenye swaptions: `simsmall` ina vipande 16 vya kazi, `simmedium` 32, `simlarge` 64, na kipande hakigawanyiki. Ukitumia nyuzi 48 kwa vipande 64, lazima kuna uzi utakaobeba angalau viwili, kwa hiyo huwezi kumaliza mapema kuliko mwenye nyuzi 32. Grafu ya kasi kwa idadi ya nyuzi italala, na memori haihusiki kabisa.

Hatua ya 3. Hesabu nyuzi halisi. `-n` ya parsecmgmt ni kiwango cha chini cha nyuzi. Programu ya ferret ina hatua nne za kati, hivyo `-n 4` huzaa nyuzi 16, bado za kuingiza na kutoa data. Kagua kwa `ps -o nlwp -p PID`. Programu ya fluidanimate inataka nyuzi 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo.

Hatua ya 4. Linganisha muda, si IPC (maagizo yanayotekelezwa kwa kila mzunguko wa saa ya prosesa). Uzi unaozunguka ukingoja kufuli hutekeleza maagizo mengi yasiyo na tija. IPC inapanda huku programu ikichelewa. Rudia mara kadhaa, kila mara ukiyumbisha kidogo muda wa kufikia memori, kisha toa wastani pamoja na mtawanyiko.

Maswali

*Mkuu, gem5 (kiigizaji cha prosesa) inakawia mno. Nikate baada ya maagizo bilioni 1?*

Hapana. Maagizo sawa si kazi sawa, kwa sababu ya huko kuzunguka. Kata kwa kazi: kwa fluidanimate, fremu zilezile kwa miundo yote miwili ya prosesa unayolinganisha. Au endesha `simmedium` hadi mwisho.

*SPLASH-2 je?*

Ni mkusanyo wa programu za kupimia wa 1995, data yake ndogo. Programu yake ya FFT ikipewa `-m16` ina nukta 65,536, kila safu MB 1, inaenea kwenye kache ya leo. Panda hadi `-m20`, MB 16 kwa safu. Namba ya `-m` iwe shufwa.