Somo: Kusoma kwa kuelewa kwa kutumia michoro, katika historia, jiografia na sayansi

Kila interro (jaribio la darasani) ikikaribia, mtu ananiandikia: "Ile michoro yako unaifanyaje?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Somo ni la walimu wa darasa la tano mpaka la nane, hapa Lubumbashi na kwingine ambako kitabu ni cha Kifaransa na mtoto anafikiri kwa Kiswahili. Vifaa: tablo (ubao), chaki, kaye (daftari).

1. Soma andiko wewe mwenyewe, nyumbani.

2. Kata aya mbili au tatu. Si sura nzima.

3. Chagua umbo la mchoro. Hapa ndipo masomo mengi yanaharibika, basi someni polepole. Umbo halitoki kwenye mchoro unaoupenda wewe, linatoka kwa namna mwandishi alivyopanga mawazo yake. Tafuta viungo vya sentensi. Ukikuta d'abord, ensuite, enfin (kwanza, kisha, mwisho), chora visanduku vya hatua. Parce que, à cause de, donc (kwa sababu, kutokana na, basi): mishale kutoka sababu kwenda matokeo. Tandis que, par contre (wakati, kinyume chake): jedwali la kulinganisha. Na kama mwisho wa habari unarudi kuwa mwanzo wake, chora mzunguko. Chukua malaria: mbu jike wa Anopheles anamuuma mgonjwa, anabeba vijidudu vya Plasmodium, anamuuma mwenye afya, vijidudu vinapita kwenye ini kabla ya kuingia katika chembe nyekundu za damu, kisha mbu mwingine anakuja kumuuma huyo naye. Ukichora mstari mnyoofu, ugonjwa unaishia kwa mgonjwa. Mtoto hataona kwa nini chandarua cha mgonjwa kinamlinda hata jirani.

Angalia sana tarehe. Andiko linasema 30 Juni 1960 uhuru, 11 Julai 1960 Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, anatangaza Katanga kujitenga na Kongo, Januari 1963 mwisho wa kujitenga, na mwalimu anakimbilia mstari wa nyakati. Mstari huo unajibu "lini". Swali likiwa "kwa nini" au "iliwezekanaje", mtoto atakuletea tarehe tupu. Hapo chora mishale: shaba, kodi za Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, zilizolipwa kwa serikali ya Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), msaada wa Wabelgiji, kila kimoja kikielekea kwenye kisanduku "Katanga inajitenga".

Angalia pia zile duara mbili zinazopandana. John Venn alizieleza mwaka 1880 kwa kazi ya mantiki, na huko zinafaa sana. Katika jiografia mimi nimeziacha. Mwambie mtoto alinganishe Lubumbashi na Kisangani: upande mmoja ataandika "mvua", upande wa pili "miti mikubwa", na hajalinganisha kitu. Jedwali linamlazimisha. Mvua: huku kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kule karibu mwaka mzima. Urefu juu ya bahari: huku kama mita 1,200, kule kama 400. Mimea: huku miombo, kule msitu wa ikweta.

4. Andika swali moja juu ya tablo kabla hawajafungua kitabu.

5. Chora mchoro mtupu. Mtupu! Ukiujaza wewe, umewapa résumé (muhtasari) ya kunakili kama kawaida.

6. Wajaze wawili wawili, kisanduku kimoja kisizidi maneno manne. Kiswahili kinaruhusiwa.

7. Vitabu vifungwe, mchoro ubaki. Kila mtoto aandike sentensi tatu za Kifaransa, walau moja iwe na kiungo. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu kengele imelia. Heri upunguze aya, maana bila sentensi hizo hujui nani ameelewa na nani amechungulia kwa jirani.

MASWALI

Metre Kampemba: Nitumie michoro yote WhatsApp, inspekta anakuja kesho.
— Hakuna faili, ni chaki tu. Andiko lako silijui. Hatua ya 3.

Metre Kampemba: Ungetoa hata mifano.
— Malaria, kujitenga, Kisangani. Ulisoma mpaka wapi?

Mama Katuba: Mwalimu, miye niko na batoto zaidi ya themanini mu kalasi, tangu primaire ikuwe bure. Wawili wawili ni makelele tu.
— Mama, hilo ni swali la kweli. Acha wawili, fanya benchi moja, kaye moja. Kisha gawa kazi kwa safu: ya dirishani itafute sababu, ya katikati tukio, ya mlangoni matokeo. Mtoto mmoja kwa safu anakuja kwenye tablo, na wengine wanamsahihisha wakiwa wamekaa. Kelele hazitaisha, ila zitakuwa za kubishana juu ya andiko.

Stajiere: Direkta anasema Kiswahili kinawaharibu.
— Sikusema wajibu mtihani kwa Kiswahili. Kisanduku ni cha kufikiri, sentensi ni ya Kifaransa. Mtoto akijaza vizuri na sentensi ikamshinda, anakosa Kifaransa. Akijaza vibaya, hakuelewa andiko. Hizo ni kazi mbili. Mwonyeshe direkta kaye mbili za namna hiyo, halafu mzungumze.

Hesabu Kadutu: Aksanti kutoka Bukavu. Problème za hesabu nazo zinakubali?
— Zinakubali sana, ndugu. Donna Ogle alitoa mwaka 1986 jedwali la nguzo tatu: ninachojua, ninachotaka kujua, nilichojifunza. Kwa hesabu mimi nalibadilisha: nimepewa nini, naulizwa nini, nini kinakosekana katikati. Mfano: magunia 3 ya makala (mkaa) kwa faranga 30,000 kila moja, usafiri 15,000, yote yameuzwa 135,000. Faida? Wengi wanatoa 90,000 na kujibu 45,000. Nguzo ya tatu inawalazimisha kuandika "jumla ya matumizi", wanaukumbuka usafiri, wanapata 30,000. Jaribu pia kuwapa nguzo zilizojaa na watunge swali wenyewe. Utuletee habari.

Yaya Ruashi: Tablo yetu imepauka, mishale haionekani.
Mama Katuba: Chukua mufuko ya simenti, karatasi ya ndani. Unachora na makala, unapachika ku ukuta.
— Mama ameniwahi. Ongeza: pangusa vumbi nje, mbali na watoto, linaunguza macho. Na mchoro mtupu wa mishale ukitunzwa unatumika tena, watoto wanaweka vipande vya karatasi juu yake.

Yaya Ruashi: Mafundi wanaichana kwa jembe.
— Waombe wakate mdomo wa mfuko kwa wembe. Ukiwapelekea maji ya kunywa watakubali.